Mabinti wa Herat na sanduku lililochelewa

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2017, vijana wa nchi zaidi ya 150 walitumiwa masanduku yenye vifaa vya aina moja: mota, magurudumu, nyaya, vyuma vya kuungia na vinginevyo. Kila kundi lilitakiwa kuunda roboti kwa vifaa hivyo, kisha kwenda nayo Washington, Marekani, mwezi wa Julai, kwenye mashindano ya FIRST Global yaliyokuwa yakifanyika kwa mara ya kwanza. Makundi mengine yalipata kiasi cha miezi minne ya kazi. Kwa wasichana sita wa mji wa Herat, magharibi ya Afghanistan, sanduku lilikwama forodhani kwa miezi kadhaa kutokana na hofu za kiusalama. Lilipowafikia, muda uliobaki ulikuwa wiki mbili tu.

Ulimwengu unawakumbuka mabinti hao kwa jambo jingine. Walisafiri mara mbili hadi Kabul, mwendo wa takriban kilomita 800, kuomba viza katika ubalozi wa Marekani, na mara zote mbili wakanyimwa. Ilifika mahali ikaamuliwa kwamba roboti yao iende peke yake na wao waitazame ikishindana kwa njia ya video. Kelele zilizozuka duniani zilimfanya rais wa nchi hiyo aingilie kati, wakapewa ruhusa maalumu, wakawasili siku chache tu kabla ya mashindano. Kisa hicho kimesimuliwa vya kutosha. Ukurasa huu wa familia unapenda kutazama zile wiki mbili, na yale yaliyotangulia.

Walipokuwa wakingoja sanduku, mabinti hawakukaa bure. Walijitengenezea vyombo vya kuendeshwa kwa mota kwa kutumia vitu vya kawaida vya nyumbani. Vyombo hivyo havikuwa na nafasi katika mashindano yoyote. Hata hivyo, aliyewahi kuwaona watoto wakiunda kitu pamoja anajua thamani ya kazi ya namna hiyo. Ndipo hudhihirika nani ana mkono mtulivu wa kuunga nyaya, nani ana subira ya kufungua skrubu ileile mara ya kumi, nani huona kosa mapema lakini huona haya kulisema. Mambo hayo hayasomwi kwenye karatasi ya maelekezo, na kundi linaloanza kuyagundua siku ya kufungua sanduku hupoteza wiki zake mbili kwa kugombania bisibisi.

Roboti ina tabia moja inayoifanya iwe mwalimu mkali. Haikubali udhuru. Fremu ikiwa imara na programu ikawa na kasoro, haiendi. Programu ikiwa sahihi na waya mmoja ukalegea, haiendi vilevile. Fundi wa fremu hawezi kusema kwamba yeye kazi yake ameimaliza. Hajaimaliza mpaka ya mwenzake nayo itimie. Wako pia wale ambao kazi yao haionekani kabisa, kama yule anayeandika katika daftari kila jaribio lililofeli na sababu yake. Kila mtoto angependa kushika kidhibiti na kuiendesha roboti mbele ya watu, na ni wachache wanaolitamani daftari. Siku mambo yanapoharibika, ni daftari linaloulizwa.

Waliobuni mashindano yale waliongeza jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo la busara kuliko yote. Uwanja ulifananishwa na mto. Mipira ya buluu ilikuwa maji safi na ya rangi ya chungwa ilikuwa uchafu, na kazi ya roboti ilikuwa kuitenganisha. Lakini hakuna nchi iliyoingia uwanjani peke yake. Nchi tatu ziliungana dhidi ya nyingine tatu, na miungano ilibadilika kila pambano. Uliyekabiliana naye asubuhi aliweza kuwa mshirika wako alasiri. Katika utaratibu huo hakuna faida ya kuombea roboti ya jirani iharibike, maana huenda ndiyo utakayoitegemea baada ya Adhuhuri.

Msomaji wa sira hatalishangaa jambo hili. Mwaka wa 5 Hijria, makabila yalipokusanyika kuivamia Madina, ilikuwa rai ya Salman al-Farsi (RA) kwamba lichimbwe handaki, mbinu iliyojulikana kwao Uajemi na ambayo Waarabu hawakuizoea. Wanahistoria wanaeleza kwamba Mtume (SAW) aliigawa kazi: kila watu 10 wakapewa dhiraa 40 za kuchimba, na yeye mwenyewe akabeba udongo pamoja nao. Wanasimulia vilevile kwamba Muhajirina na Ansari walimgombania Salman, kila upande ukidai kuwa ni wao, hadi Mtume akamhesabu miongoni mwa watu wa nyumba yake. Tunaona hapo elimu iliyotoka ugenini, mashauriano yaliyoipokea bila kiburi, mgawanyo wa kazi wenye kipimo, na kiongozi mwenye vumbi mwilini. Mwalimu anayewaandaa wanafunzi wake kwa mashindano ya sayansi angeweza kuanza somo lake papo hapo.

Sasa tuangalie kwetu. Mtoto wetu huzoeshwa tangu madarasa ya chini kulikinga daftari kwa mkono ili jirani asichungulie. Katika mtihani ni sawa. Tatizo ni kwamba mkono ule huendelea kukinga hata mtihani ukiisha, na mzazi naye swali lake la kwanza ripoti inapokuja ni, umekuwa wa ngapi? Ni nadra kusikia mzazi akimuuliza mwanawe amemsaidia nani kuelewa hesabu muhula huu.

Mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoasisiwa mwaka 2011, yamechagua njia nyingine kwa kipimo kidogo: mradi hufanywa na wanafunzi wawili wakiongozwa na mwalimu. Wawili ni idadi inayostahili kutafakariwa. Katika kundi la sita mvivu hupata pa kujificha; katika wawili, ama wote wanafanya kazi au mmoja anambeba mwenzake, na jaji akisimama mbele ya meza yao na kuanza kuuliza, ukweli hujitokeza. Hujitokeza pia kama kazi ni ya mwalimu au ya baba mhandisi. Mzazi anayechukua chombo mikononi mwa mtoto ili kikae vizuri zaidi, kwa nia njema kabisa, anamnyima kile alichokwenda kukitafuta. Afadhali chombo kilichopinda kidogo, ambacho wawili hao wanaweza kueleza kwa nini kimepinda.

Kwa mabinti liko suala jingine, na si haki kulikwepa. Maandalizi huhitaji kukutana baada ya masomo, pengine siku za Jumamosi, pengine kwa mwenzake au katika karakana. Mzazi Mwislamu huuliza wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Ni maswali halali, na ni wajibu wake kuyauliza. Lakini mara nyingi jibu la hapana hutolewa kabla ya maswali yenyewe kuulizwa, kwa sababu hapana haihitaji nauli wala muda wa mzazi. Ndiyo huhitaji mtu wa kumpeleka na kumrudisha.

Turudi Herat. Katika mashindano yale mabinti walipata medali ya fedha ya ujasiri, huku dhahabu ya kipengele hicho ikienda Sudan Kusini na shaba Oman. Wiki mbili baadaye, tarehe 1 Agosti 2017, msikiti mmoja wa Herat ulishambuliwa kwa bomu waumini wakiwa ndani ya Swala. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo baba wa nahodha wa kundi lile. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kundi halikuvunjika. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoikumba Herat, mji uliokuwa ukipokea Waafghani wengi waliokuwa wakirejea kutoka Iran, wasichana wa kundi hilo, baadhi yao wapya, walianza kuunda mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua. Mchoro wa msingi ulitoka Chuo Kikuu cha MIT cha Marekani, kilichouweka wazi kwa yeyote. Vifaa vilitoka kwenye gari ambalo kila fundi wa Gerezani analifahamu, Toyota Corolla: mota ya waipa ndiyo iliyofanya kazi ya kusukuma hewa, na mnyororo ulitoka kwenye pikipiki. Mji ulikuwa umefungwa na polisi walikuwa barabarani. Asubuhi, wasichana watano walijipanga ndani ya gari la baba wa mmoja wao, naye akawapitisha njia za uchochoroni hadi kwenye karakana. Mashine ikaonyeshwa hadharani mwezi wa Julai mwaka ule.

Mwaka uliofuata serikali ilianguka, na wengi wa wasichana hao wakaihama nchi, baadhi wakaelekea Qatar na wengine Mexico. Shule za sekondari za wasichana zilifungwa, na mwishoni mwa 2022 vyuo vikuu vikafuata. Sheikh wa al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, alitamka mara moja kwamba marufuku hiyo inapingana na sharia ya Kiislamu. Waliofika Doha walikabidhiwa karakana na walimu, wakaanza tena kugawana kazi: nani fremu, nani nyaya, nani programu, nani daftari. Baba wengi walikuwa wamebaki Herat.