Kura ya Embakasi na Kura ya Lamu

Mwanafunzi wa shule ya upili mtaani Kayole hufundishwa kwamba kila raia ana kura moja na kwamba kura zote zina uzito sawa. Sehemu ya kwanza ya funzo hilo ni kweli. Ya pili yahitaji hesabu.

Katika sensa ya 2009, eneobunge la Embakasi, lililokusanya Dandora, Kayole, Umoja na Pipeline, lilikuwa na watu 925,775. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841. Kila upande ulikuwa na mbunge mmoja! Yaani mkazi mmoja wa Faza alikuwa na sauti bungeni sawa na wakazi 49 wa Embakasi. Wala dhuluma hiyo haikukomea bungeni. Kuanzia 2003, robo tatu ya fedha za Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge ziligawanywa sawa kwa sawa kwa kila eneo, na humo ndimo ilimotoka basari ya mtoto wa maskini.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuliponya donda hilo. Kifungu cha 89 kiliweka maeneobunge 290, kila moja likaribie wastani wa taifa, ila kikaruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Mnamo 2012 Embakasi ikagawanywa mara tano, na viti vya Nairobi vikapanda kutoka 8 hadi 17.

Lamu Mashariki ilisalia, kwani Katiba ilikataza kufutwa kwa eneobunge lolote kati ya yale 210 ya zamani katika ugawaji huo wa kwanza. Kuna wanaonung'unikia jambo hilo, mimi simo. Mtu wa Kiunga hapandi matatu kwenda kumwona mbunge wake. Kuna bahari, na nauli ya mashua si mchezo.

Linalonikera ni jingine. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, hivyo wastani ni watu 164,015 kwa kiti. Ongeza asilimia 40, upate kikomo cha 229,621. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Wagawe kwa viti 17, nawe utapata 258,651. Si mtaa mmoja uliofurika, bali jiji zima, kwa wastani wake, limevuka kikomo cha Katiba. Ili kurudi ndani yake lahitaji viti visivyopungua 20.

Sheria iliagiza mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo ulitimia Machi 2024, ukapita bila mpaka hata mmoja kuguswa. Kwa kuwa 290 haiongezeki, kila kiti kitakachopewa Nairobi lazima kitoke kwa mtu mwingine, na hapo ndipo wanasiasa wetu hupatwa na usingizi. Walimu wa Hisabati na wa Historia na Serikali wawape wanafunzi hesabu hii waifanye wenyewe, kisha wawaulize ni kiti cha nani kiondolewe.