Waanzilishi wa kampuni changa: umri si kikwazo

KWA muda mrefu, wengi wameamini kuwa anayefaa kuanzisha kampuni ni kijana aliyeacha masomo ya chuo kikuu akiwa na wazo jipya. Hata hivyo, tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba imani hiyo ina walakini.

Mwaka 1979, David Birch wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa ripoti iliyoeleza kuwa nafasi nyingi mpya za kazi nchini humo zilitokana na kampuni ndogo.

Dai hilo lilitiliwa shaka mwaka 2013. Wanauchumi John Haltiwanger, Ron Jarmin na Javier Miranda waligundua kuwa jambo muhimu si udogo wa kampuni, bali uchanga wake. Kampuni mpya ndizo huzalisha ajira kwa wingi, ingawa nyingi hufa mapema. Duka dogo lililodumu miaka mingi bila kupanuka haliongezi kazi.

Baadaye watafiti walimgeukia mwanzilishi mwenyewe. Mwaka 2020, Pierre Azoulay na wenzake walionyesha kuwa nchini Marekani, waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi zaidi walikuwa na umri wa wastani wa miaka 45. Aidha, waliowahi kufanya kazi katika sekta hiyo hiyo walifaulu zaidi.

Mkondo mwingine ni wa majaribio, na hapa Afrika haikuachwa nyuma. Nchini Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu kwa njia ya bahati nasibu. Kundi moja lilifunzwa mambo ya kawaida kama vile uwekaji hesabu. La pili lilifunzwa kujituma, kupanga mbele na kutokata tamaa. La tatu halikufunzwa lolote.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa faida ya waliofunzwa kujituma iliongezeka kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofunzwa. Mafunzo ya kawaida hayakuleta tofauti ya kutegemewa.

Hapa Kenya, Hazina ya Vijana ilianzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya walio kati ya miaka 18 na 35. Vijana wanahitaji msaada huo kwa kuwa ukosefu wa kazi umewakaba. Lakini aliyepoteza kazi akiwa na miaka 45, mwenye tajriba na ari ya kujifunza, asidhani kuwa wakati umempita.