Mzee wa Kaya na Mzee wa Shambani: Heshima ya Uzee kwa Wamijikenda

Wamijikenda ni jina la pamoja la jamii 9 za pwani ya Kenya, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe na Waribe, ambazo zamani ziliishi ndani ya kaya, vijiji vilivyozungukwa na msitu mnene na kufikiwa kwa njia nyembamba zenye malango. Wakazi walipohama na kutawanyika mashambani, misitu hiyo ilibaki chini ya ulinzi wa wazee, na kwa sababu ya ulinzi huo baadhi yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Hata hivyo, katika kaunti ya Kilifi, ambako kaya nyingi kati ya hizo zipo, mzee mwenye mvi anaweza kuuawa na jamaa zake mwenyewe kwa kusingiziwa uchawi. Wengi hulieleza jambo hili kwa kusema kwamba vijana wameacha mila, lakini maelezo hayo ni nusu ya ukweli, kwa kuwa yanachukulia kwamba mila ilimpa kila mzee heshima sawa.

Utawala wa kaya ulikuwa mikononi mwa kambi, baraza la wazee ambalo mtu aliingia kwa kupanda ngazi za rika, kutoa ada na karamu na kupokea mafunzo ya siri, wala hakuingia kwa kuzeeka tu. Wagiriama walikuwa pia na gohu, chama cha wazee wenye mali. Mwanachama wa gohu alipofariki, kisha roho yake ikawatokea jamaa ndotoni au maradhi yakaandama nyumba yake, alichongewa kigango, nguzo ndefu ya mbao ngumu yenye umbo la mtu na kiwiliwili bapa kilichojaa nakshi za pembetatu, nayo ikasimamishwa na kumwagiwa tembo la mnazi. Aliyekufa bila cheo hicho alipata koma, kijiti kifupi kisicho na makuu. Mwanamke hakuketi katika kambi, na hata Mekatilili wa Menza, mjane aliyewaongoza Wagiriama kuukataa utawala wa Waingereza mwaka 1913, ilimbidi akusanye watu kwa ngoma ya kifudu na kwa viapo. Heshima, basi, ilifuata cheo, elimu ya mambo ya siri na mali. Mzee asiye na mojawapo ya hayo, hasa mjane, alitegemea huruma ya watoto wake.

Mambo hayo matatu yalipotikisika, wazee walibaki bila kinga. Vigango vyenyewe viligeuka bidhaa: viling'olewa usiku, mara nyingi na vijana wa huko huko, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa hadi ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwa familia moja ya Kigiriama vilirejeshwa kwa wenyewe mwaka 2007, baada ya kutambuliwa katika makumbusho mawili ya Marekani. Aliyeweza kumuuza babu aliyekufa hakuwa mbali na kumwona babu aliye hai kuwa kizuizi, maana shamba la ukoo, ambalo mzee aliligawa kwa nyumba za wake zake na ambalo hakuna aliyefikiria kuliuza, nalo lilipata bei. Mwenye neno la mwisho juu ya shamba ni mzee. Mtoto akiugua au ng'ombe wakifa, familia huenda kwa mganga wa mburuga, yaani mpiga ramli, naye humweleza mchawi kwa dalili ambazo kila aliyepo anajua zinamwelekea nani. Siku chache baadaye mapanga huja usiku. Wako wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi ili mvi zisionekane.

Ni haki kusema kwamba mila ilikuwa na mahakama yake kwa tuhuma za namna hii. Mshtaki na mshtakiwa walikwenda mbele ya wazee wa Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama, kula kiraho, kiapo ambacho aina yake moja ni kula kipande cha papai kilichonenewa maneno, na inaaminika kuwa mwenye hatia huvimba mdomo. Mwanasheria hawezi kukiita kiapo hicho ushahidi, ila kilikuwa na jambo moja ambalo mapanga ya usiku hayana: mshtaki alijulikana, na mshtakiwa alipata nafasi ya kujibu.

Sheria ya serikali imeanza mahali ambapo mila ilikomea. Sheria ya Uchawi ya 1925 humtia hatiani anayemwita mwenziwe mchawi, isipokuwa apeleke tuhuma hiyo kwa chifu, polisi au ofisa mwingine wa serikali. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa utu na heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali, bila kuuliza kama aliwahi kuketi katika kambi. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, inazitaka nchi wanachama kuwakinga wazee na tuhuma za uchawi. Mpango wa Inua Jamii, nao, tangu 2018 umelenga kumpa kila aliyefikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha zinazosaidia kununua unga na dawa, lakini hazimlindi mwenye shamba.

Ugumu uko katika ushahidi, kwa sababu aliyeona ni mkwe, mjukuu au mke mdogo, na kusema mahakamani ni kumpeleka jela mtu wa nyumba moja. Kwa hiyo walionusurika huhifadhiwa kwingine, kama katika kituo cha Kaya Godoma huko Ganze, ambako wazee wa mila wenyewe huwapokea. Usalama wao hupatikana kwa wao kuondoka, na anayeondoka huliacha shamba mikononi mwa wale wale waliolitaka.