Mipango si matumizi: Safari za misheni kutoka Thornton Heath

THORNTON HEATH, LONDON – Baridi inapoanza kulegea, makanisa mengi ya kusini mwa London huanza kuhesabu michango. Wapo wanaouza chakula baada ya ibada, wapo wanaotoa pauni chache kila mwisho wa mwezi, na wapo wauguzi wanaoomba likizo mapema ili ratiba ya hospitali isiwabane. Lengo ni kwenda Afrika Mashariki kwa wiki mbili au tatu, katika kile tunachokiita safari ya misheni.

Sisi tunaoishi huku tunazifahamu safari hizi kwa pande zote mbili. Tunazichangia, na ndugu zetu nyumbani ndio wanaozipokea. Kwa hiyo mpango ukivurugika maswali hutujia mara mbili. Waliotoa michango wanauliza fedha zimekwenda wapi. Walioandaa vitanda na kuchinja mbuzi wanauliza wageni wamepotelea wapi.

Mipango huvurugika mara nyingi

Wahenga walisema mipango si matumizi, na miaka ya karibuni imetupa mifano ya kutosha. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 27, 2007, ghasia ziliua zaidi ya watu 1,000 na kuwahamisha maelfu kwa maelfu, mpaka makubaliano yalipotiwa saini Februari 28, 2008. Aliyepanga kwenda Eldoret au Nakuru Januari ile ilimbidi afikiri upya.

Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga la Uingereza kuanzia tarehe 15 hadi 20. Huku abiria walilala viwanjani, na kule Kenya maua yaliyokuwa yakisubiri ndege yakaharibika. Kisha ikaja korona. Machi 17, 2020, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliwashauri raia wake wasisafiri ng'ambo bila sababu ya lazima, na Machi 25 Kenya ikasimamisha ndege za kimataifa za abiria.

Hayo ni makubwa, na kila mtu huyaelewa. Yanayosumbua zaidi ni madogo. Likizo ya Pasaka ya Uingereza huangukia kipindi cha masika, ambapo barabara nyingi za vumbi hugeuka tope na gari haliwezi kufika kijijini. Likizo ndefu ya Agosti hukuta shule za Kenya zimefungwa, na waliokwenda kufundisha hawakuti wanafunzi. Dawa nazo haziingii Tanzania kama zawadi za kawaida, zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Bila karatasi hizo, sanduku huishia forodhani. Muuguzi aliyesajiliwa Uingereza naye hana ruhusa ya kutibu Tanzania mpaka baraza la taaluma yake la huko limpe kibali.

Somo la miaka zaidi ya 160 iliyopita

Kituo cha treni cha Thornton Heath kilifunguliwa Desemba 1862. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, kikundi cha misheni kutoka Uingereza kilimpoteza kiongozi wake kando ya mto Shire, katika nchi ya Malawi ya leo. Huyo alikuwa Askofu Charles Mackenzie wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu iliyozaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge Desemba 1857.

Mpango wao ulichorwa mbali na wenyeji. Mwaka 1861 walijaribu kwanza kuingia bara kwa mto Ruvuma, maji yakapungua, wakarudi. Wakageukia Zambezi na Shire, na Julai wakapiga kambi Magomero, katikati ya vita na biashara ya watumwa. Januari 1862 mtumbwi wa Mackenzie ulipinduka na dawa zikapotea majini. Alikufa kwa homa tarehe 31 ya mwezi huo, na baadhi ya wenzake wakafuata.

Mrithi wake, Askofu William Tozer, aliihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864. Livingstone alikasirika, akaona huko ni kukimbia. Lakini huko Zanzibar mwenzake Tozer, Edward Steere, aliketi na wenyeji, akasikiliza wanavyosema, na mwaka 1870 akachapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, kazi hiyo ilikuwa imekwisha kutangulia. Kanisa kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, bado limesimama.

Hatusemi kwamba historia ya wamisionari ni ya kusifiwa tu. Tunachosema ni kwamba mpango wa pili ulidumu kwa sababu ulianza kwa kusikiliza. Kubadili mpango si kushindwa, ila ni lazima tuulize nani anaubadili, na kwa faida ya nani.

Nani mwenye safari?

Hapo ndipo vikundi vyetu vingi hukwama. Daraja likikatika au kibali kikichelewa, wasafiri huitana pembeni hotelini, wakapanga upya wenyewe, halafu mwenyeji akaarifiwa. Mara nyingi mpango mpya huwa ni kwenda kupaka rangi ukuta, kwa sababu kazi hiyo haihitaji kibali. Lakini kijiji kina mafundi wake, nao wanatafuta riziki.

Tupige hesabu. Watu 12 wakilipa tiketi ya pauni 700 kila mmoja, hizo ni pauni 8,400 kabla brashi haijaguswa. Mwenyeji akiulizwa mapema, huenda akasema anahitaji kisima kikarabatiwe, au ada ya watoto wachache, au wageni wanne tu wenye ujuzi fulani.

Tunashauri mambo matatu yaamuliwe kabla ya kununua tiketi, tena kwa simu pamoja na wenyeji. Kwanza, ateuliwe mtu mmoja kule ambaye neno lake ndilo la mwisho mambo yakibadilika. Mara nyingi mchungaji au mwalimu mkuu huona aibu kumkatalia mgeni, basi apewe haki hiyo waziwazi. Pili, pawe na kazi ya akiba aliyoichagua mwenyeji. Tatu, wachangiaji waambiwe tangu mwanzo fedha zitakwenda wapi safari ikivunjika.

Sheria nayo ijulikane. Ndege inayoondoka Uingereza ikifutwa na shirika, abiria ana haki ya kurudishiwa nauli au kutafutiwa njia nyingine. Lakini kusafiri kinyume cha ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje kunaweza kubatilisha bima, na mtu akiugua atajilipia mwenyewe. Kiongozi wa kikundi asome ushauri huo wiki ya kuondoka, maana ule wa siku ya kulipia tiketi huenda umebadilika.

Vijana wetu waliozaliwa Croydon wafundishwe jambo hili mapema. Wengi wao huiona nchi ya wazazi kwa mara ya kwanza katika safari hizi, na siku nzima ya kungoja gari lililokwama huwachosha. Siku hiyo wakikaa jikoni na bibi wa nyumba, wakachambua mchele na kuulizwa ukoo wao, watarudi na kitu ambacho hakikuwemo katika ratiba.

Kiswahili kina msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni mwenyeji ndiye anayejua anaumwa wapi. Tumuulize kabla ya kufunga masanduku, na tumuulize tena kila mpango unapobadilika.