Kabla ya Kutia Chipu

Mama mmoja alishuka matatu ya 46 kutoka Kawangware, akaja hadi Luthuli Avenue na kuniwekea mezani PlayStation ya kijivu aliyoifunga kwa leso. Alikuwa ametumiwa na kaka yake aliyeko Marekani, pamoja na CD sita. "Fundi, nimeambiwa itiwe chipu ndipo icheze," akasema. Niliipindua, nikasoma kibandiko cha chini: SCPH-7501. Nikamwambia, "Subiri kwanza, mama. Huenda haihitaji chipu."

Watu wakisikia mashine ya gemu imetoka ng'ambo, wazo la kwanza ni chipu. Lakini mashine kama hiyo hukutana na vikwazo vitatu kabla ya kucheza hapa Nairobi: stima, picha, na kufuli la eneo. Chipu huondoa hicho cha tatu peke yake. Ukianzia hapo, unaweza kulipa fundi, mashine ikafunguliwa na kuchomelewa, na bado usione kitu kwenye TV. Mimi huanza ukutani, kwenye soketi, na kwenda navyo kimoja kimoja hadi kwenye CD.

Stima yetu ni volti 240. PlayStation ya kwanza ya Marekani imetengenezewa volti 120, na ya Japani volti 100. Hatari yake imejificha nyuma ya mashine: tundu la waya lina umbo la nane, sawa na la redio nyingi za nyumbani. Kwa hiyo waya wa redio yako utaingia vizuri kabisa, na pini zake tatu zitaingia kwenye soketi bila shida. Ndani, stima hiyo ikishageuzwa kuwa ya mkondo mmoja hufikia volti 340 hivi, ilhali kapasita kubwa inayoipokea kwa kawaida imeandikwa volti 200. Hupasuka. Nimefungua mashine kadhaa zilizofika kwangu zikinuka kuungua, na wenyewe walikuwa wameziwasha mara moja tu.

Dawa yake ni transfoma ya kushusha stima. PlayStation ya kwanza haili hata wati 20, kwa hiyo transfoma ndogo ya wati 50 inatosha. Au fundi anaweza kubadilisha bodi ya pawasaplai, aweke ya volti 240 kutoka kwenye mashine ya Ulaya ya toleo hilohilo.

Kikwazo cha pili ni picha. TV za kichogo zilizouzwa hapa zilifuata mfumo wa PAL: mistari 625, na picha ikichorwa mara 50 kwa sekunde. Marekani na Japani walifuata NTSC: mistari 525, mara 60 hivi kwa sekunde. Hata rangi husafiri kwa masafa tofauti, megahezi 4.43 kwa PAL ya huku na 3.58 kwa NTSC. TV isiyoijua NTSC itakuonyesha picha nyeusi na nyeupe, au picha itapanda na kushuka bila kutulia. Mashine hapo ni nzima. Ingia kwenye menyu ya TV, tafuta mfumo wa rangi, uweke NTSC au uiache ichague yenyewe. TV bapa nyingi za leo zinapokea mifumo yote miwili.

Tofauti hiyo ya 50 na 60 ndiyo inayowafanya wapenzi wa gemu za zamani kutafuta CD na kaseti za Marekani au Japani. Gemu iliyobuniwa kwenda hatua 60 kwa sekunde, ikiletwa kwenye PAL bila kurekebishwa, hupoteza sehemu moja ya sita ya mwendo wake, na juu na chini ya picha huachwa milia myeusi. Sonic wa gemu ya kwanza, ya mwaka 1991, kwenye mashine ya Mega Drive ya Ulaya hukimbia polepole na muziki wake huvuta, kama kaseti kwenye redio ambayo betri zake zimechoka. Aliyekulia kwenye mwendo huo, siku atakapouona mwendo halisi, ataelewa kwa nini tunahangaika.

Sasa tufike kwenye kufuli. Kila kampuni ilikuwa na namna yake. Kaseti za mashine ya Famicom ya Japani zilikuwa na pini 60, na za NES ya Marekani pini 72, tena NES ikaongezewa chipu ya ulinzi iliyosalimiana na chipu nyingine ndani ya kaseti. Kwenye Mega Drive, umbo la kaseti na viunganishi vichache kwenye bodi ndivyo vilivyoamua lugha na masafa. Fundi hukata viunganishi hivyo, akaweka swichi mbili.

PlayStation ilitumia CD yenyewe. Karibu na kitovu cha CD halali, mfereji unaofuatwa na leza hautulii. Huyumbayumba kwa mpangilio maalumu, na katika kuyumba huko zimefichwa herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine inapowaka husoma herufi hizo. Zisipolingana na zake, inakataa. Mashine ya kawaida ya kuchoma CD haiwezi kuiga kuyumba huko, ndiyo maana kufuli hilohilo huzuia CD za nchi nyingine na pia nakala.

Chipu ni kompyuta ndogo mno yenye miguu minane. Huchomelewa kwa nyaya nyembamba karibu na sehemu inayoendesha CD, na kazi yake ni kuzitamka zile herufi nne kwa niaba ya CD. Zile za mwanzo zilitamka bila kukoma, waundaji wa gemu wakazigundua na kuanza kuandika gemu zinazogoma zikisikia sauti hiyo. Zilizofuata zikajifunza kunyamaza baada ya gemu kuanza. Kazi yenyewe inataka mkono uliotulia: tone moja la risasi likigusa miguu miwili, mashine haiwaki. Mimi hupima kila mguu kwa testa kabla ya kurudisha kifuniko.

Tangu 2021 kuna njia isiyotaka kuchomelea, programu iitwayo tonyhax, inayowekwa kwenye memori kadi. Hutumia amri zilizokuwa zimefichwa ndani ya mashine yenyewe tangu kiwandani. Mashine za Marekani na Ulaya huzitii. Za Japani hazizikubali.

Kuna pia upande wa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kukwepa kizuizi cha kiufundi kinacholinda kazi ya mtu kuwa ukiukaji. Mteja anastahili kulijua hilo kabla fundi hajashika chuma cha kuchomelea, kwa sababu chipu haitofautishi CD uliyoinunua kihalali Japani na nakala ya wizi.

Nilirudi kwa yule mama. CD zake sita zote zilikuwa na alama ya SLUS, yaani za Marekani, na mashine yake ni ya Marekani. Kufuli na ufunguo vilitoka nyumba moja. Tuliunganisha transfoma, tukabadilisha mfumo wa rangi kwenye TV, na gemu ya kwanza ikafunguka kwa rangi zake zote. Kisha akatoa ya saba, ambayo mwanawe aliinunua ya mtumba kutoka Uingereza. Ilikuwa SLES, ya Ulaya, na mashine ikaikataa. Nikamweleza: kwa CD hiyo moja, ni nafuu kutafuta mashine ya Ulaya iliyotumika kuliko kuifungua hii iliyo nzima.

Basi kabla hujapanda matatu kuja mjini, pindua mashine yako. Kwenye PlayStation ya kwanza, tarakimu ya mwisho ya namba ya SCPH ikiwa 0 ni ya Japani, 1 ni ya Marekani, 2 ni ya Ulaya. Halafu soma CD zako: SLPS au SCPS ni za Japani, SLUS au SCUS za Marekani, SLES au SCES za Ulaya. Andika yote kwenye karatasi, na usichomeke mashine kwenye soketi hadi tuwe tumesoma volti zake pamoja.