Kijana Akianza Pombe, Tufanye Nini?

MTANGAZAJI: Wazazi wengi kambini wanauliza: kijana wangu ameanza pombe au bangi, nimpige au nimfukuze? Leo tuangalie Kampala.

Huko kuna shirika la UYDEL, lililoanzishwa mwaka 1993. Linafanya kazi na vijana wa mitaa ya mabanda, kama Bwaise. Halianzi na fimbo. Kijana anafika kituoni, anazungumza na mshauri, anacheza na wenzake, anajifunza ufundi kama ususi. Kwa nini ufundi? Kijana asiye na shule wala kazi, siku yake ni ndefu, na pombe ndiyo inayoijaza. Ukimnyang'anya pombe bila kumpa kitu kingine, atairudia.

Serikali ya Uganda nayo ilipiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2019. Kiroba kilikuwa cha bei ndogo, na mtoto aliweza kukificha mfukoni.

Sasa wewe mzazi. Ukiona mtoto amebadilisha marafiki, halali usiku, na vitu vya nyumbani vinapotea, kaa naye, muulize kwa upole. Ukimfukuza, atakwenda kulala kwa wale wanaomnywesha.

Lakini sikiliza vizuri: anayetetemeka asipokunywa, usimfungie ndani aache kwa nguvu. Mwili uliozoea pombe sana, ukiikosa ghafla, mtu anaweza kupata kifafa, hata kufa. Mpeleke kituo cha afya, umweleze muganga ukweli wote.