Mzizi unajuaka namna gani njia ya chini? Jibu lililotoka mahali pasipo uzito



Mwaka wa mwisho wa lisansi nilikuwa ku staji mu kijiji kimoja cha milimani. Siku hiyo tulikuwa tunapanda maharagi. Mama mwenye shamba akanyoosha mgongo, akaniangalia, akauliza: «Agronomu, mi natupaka tu mbegu mu shimo, siangaliaka kama imelala ao imesimama. Sasa muzizi inajuaka namna gani njia ya chini?»

Nikajibu haraka, na sauti ya mtu wa inivesite: «Mama, hiyo ni jeotropismi.» Akasema asanti, akainama tena. Lakini mi mwenyewe nilijua sikumjibu kitu. Nilimpa jina, sikumpa sababu. Ni kama mtu anakuuliza juu ya nini mtoto analia, we unamwambia «ni kilio».

Jibu lenyewe nilikuja kulielewa nyuma, niliposoma juu ya mimea iliyopandwa angani, kule vitu vinaelea bila uzito. Ukitaka kujua uzito unafanyaka kazi gani ndani ya seli, angalia seli inakuwa namna gani uzito ukitoka.

Tuanzie hapa chini. Ku ncha ya kila mzizi kuko kofia ndogo. Ndani yake kuko seli zenye kubeba punje za wanga, ile amidoni tulikuwa tunatilia iyode ku labo mpaka inageuka bluu nyeusi. Punje hizo ni nzito kuliko maji ya ndani ya seli, basi zinashuka na kutua, sawa vile mchanga mu chupa ya maji. Ukilaza mzizi, dakika chache tu punje zinahamia upande ambao sasa njo chini. Seli inasikia pale zimetua, kisha homoni ya oksini inapelekwa kwa wingi upande ule. Mu mzizi, oksini ikizidi inazuia seli kurefuka. Basi upande wa juu unarefuka, wa chini unachelewa, mzizi unapinda kwenda chini. Mu shina ni kinyume: oksini inachochea seli zirefuke, upande wa chini unapita wa juu, shina linapanda. Homoni ni moja, matokeo ni mawili.

Kama kweli ni uzito unaoongoza, Mwingereza Thomas Andrew Knight alionyesha tangu 1806. Alifunga mbegu za maharagi ku gurudumu lililozungushwa na maji, mara 150 kwa dakika. Mizizi yote ikaelekea nje, machipukizi yote yakaelekea katikati. Mbegu zilidanganyika: nguvu ya kutupwa nje zilidhani ni uzito. Lakini Knight hakuweza kuondoa uzito wenyewe. Hiyo ilibaki kazi ya wenye vyombo vya anga.

Hapa kuko kosa moja wengi tunafanyaka. Tunasema angani hakuna uzito juu ya umbali. Hapana. Kituo cha anga cha kimataifa kinapita kama kilomita 400 juu yetu, na pale dunia inavuta bado karibu asilimia 90 ya nguvu tunayoisikia hapa. Shida ni kwamba kituo kinaanguka bila kusimama. Kinakimbia kilomita 28.000 kwa saa hivi, basi kikianguka, dunia nayo inapinda chini yake, hakifike. Ukiruka kutoka ku muti wa embe na jiwe mu mkono, wakati unaanguka jiwe halikulemee. Wanaanga wanaishi mu kuanguka huko miezi mizima, na kila seli yao pia.

Mwaka wa 1985, ku safari ya maabara ya Spacelab D1, Mfaransa Gérald Perbal na wenzake walioteshea dengu angani. Punje za wanga hazikutua upande wa ncha ya seli sawa vile duniani. Mizizi ilikosa chini. Ilipotoka sana, ikaacha njia mbegu ilikuwa imeelekea. Lakini walipoweka mimea ku mashine yenye kuzungusha, kama gurudumu la Knight, mizizi ikapinda. Kumbe masikio ya seli hayakufa, yalikosa tu sauti ya kusikiliza. Ikikosa sauti hiyo, mimea inashika alama zingine: shina linafuata nuru, mzizi unakimbia nuru.

Si mimea tu. Mwaka wa 1983, Augusto Cogoli wa Uswisi alipeleka angani chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na magonjwa. Aliziwekea dawa ya kuziamsha. Kule juu kuamka kwao kulipungua zaidi ya asilimia 90. Na mifupa ya mwanaanga asiyefanya mazoezi ya kutosha inapoteza asilimia 1 mpaka 1,5 kila mwezi, maana seli zinazokula mfupa zinashinda zile zinazoujenga.

Sasa nafika ku sehemu iliyonigusa zaidi kama agronomu. Miaka mingi mimea ya angani, hata ikifika ku maua, mara nyingi ilikuwa inakosa mbegu. Watu wakasema: unaona, bila uzito hakuna uzazi. Mu 1993 na 1994 watafiti wa Marekani walijaribu na mmea mdogo wa Arabidopsis. Mu chumba kilichofungwa kabisa, chavua iliharibika. Mu chumba chenye hewa ya kupitapita, mbegu zilitoka sawa na za duniani. Uzito haukuwa unaua moja kwa moja. Hapa duniani, hewa ya moto inapanda juu ya ile baridi ni nzito kuliko yenyewe. Angalia tu moshi wa mbabula. Bila uzito hewa haipandi, haishuki, inasimama kuzunguka jani kama blanketi, na seli zinakosa hewa mpya.

Vilevile ngano iliyopandwa ku kituo cha Mir mu 1996: masuke yalitoka mengi, ndani hakuna hata punje moja. Mkosefu alikuwa gesi ya etileni iliyojaa mu hewa ya kituo. Ni ile ile inayoivisha ndizi zetu za kasiksi tukizifunika mu shimo. Baadaye walipanda aina yenye kuvumilia etileni, ikazaa.

Na maji? Angani maji hayashuki mu udongo. Yanashikilia mzizi kama ngozi, hewa haipiti, seli za mzizi zinazama ndani ya maji kidogo sana.

Niliposoma hayo nilinyamaza. Msimu mmoja kikundi cha wamama kilipanda maharagi mu bonde la chini. Mvua ikapiga, majani yakawa manjano. Nikawashauri wanunue mbolea ya duka. Walichanga pesa, wakanunua, hakuna kilichobadilika, maharagi yakakufa. Mizizi haikuwa na njaa, ilikosa pumzi. Ilihitaji mifereji na matuta, kazi ya jembe tu. Mi nilikuwa na jina la ugonjwa mu kichwa, sikujua seli inateseka na nini. Deni la pesa ile ninalibeba mpaka leo.

Njo maana sikubali mtu aniambie kwamba mambo ya angani hayatuhusu sisi wa jembe. Kule juu uzito ulitolewa, tukaona kazi zote ulikuwa unafanya kimya kimya: kuonyesha njia, kupitisha hewa, kushusha maji.

Mwaka uliopita nilirudi kwa mama yule. Nilibeba glasi, pamba na maharagi matatu yaliyoota. Nikayashikiza na pamba ku ukuta wa glasi, nikalaza glasi ndani ya kabati lenye giza. Asubuhi yake tulifungua pamoja. Mizizi ilikuwa imepinda, yote inaelekea chini. Nikamwambia kuna kama punje za mchanga ku ncha, zinatua, njo zinaonyesha njia. Akacheka, akasema: «Agronomu, leo njo umenijibu.»